Misri, Ugiriki, Roma au Kushi: kikundi chenu kivae ustaarabu upi?

Kikundi cha marafiki wanaopenda historia ya kale kikiamua kwenda pamoja kwenye tamasha la kosplei, yaani la kuvaa kama watu wa hadithi au wa historia, ugomvi wa kwanza huwa nani atakuwa mfalme. Huo unaweza kusubiri. Linaloamua kama mtafika mmevaa au mtafika na visingizio ni jambo jingine: vazi mlilochagua ni la nguo au ni la deraya, yaani la kujikinga vitani? Nguo hukamilika. Hata asiyejua cherehani anaweza kukunja, kufunga na kubana kwa pini mpaka ikaeleweka. Deraya hukwama njiani, kwa sababu kipande cha thelathini kina kazi ileile ya kipande cha kwanza, na kufikia hapo hamu imeshaisha. Kwa hiyo hapa hatupangi nani alikuwa na himaya kubwa zaidi. Tunapanga kazi, vifaa, joto na mambo yanayoharibika.

Mwaka kwanza, kitambaa baadaye

Piramidi kuu ya Giza ilijengwa karibu mwaka 2560 KK. Kleopatra alikufa mwaka 30 KK. Kati yao kuna karne 25, na bado vikundi vingi huwaweka Khufu, mfalme wa piramidi hiyo, na Kleopatra kwenye picha moja. Mpita njia hatajali. Ninyi mnaosoma historia mtajali, na kabla ya saa sita mchana mtakuwa mnasahihishana mbele ya watu.

Andikeni mwaka mmoja, kisha kila mtu alete picha tatu za vitu vya kipindi hicho: sanamu, mchoro wa ukutani, kitu cha makumbusho. Picha ya filamu haihesabiki. Kwa ulinganisho huu tumechukua Misri ya Ufalme Mpya (zama za Tutankhamun, aliyekufa karibu mwaka 1323 KK), Ugiriki ya vita vya Peloponesi (431–404 KK), Roma ya karne ya kwanza BK, na Kushi ya Meroe, katika Sudan ya leo, karibu na mwanzo wa enzi ya Kristo.

| | Misri | Ugiriki | Roma (askari) | Kushi |
|---|---|---|---|---|
| Kitambaa kwa mtu mmoja | mita 3 hadi 4 | mita 4 | mita 2.5, pamoja na fulana ya ndani | mita 4 |
| Kazi inayokula muda | ukosi wa shanga, marinda | ngao na chapeo (nguo ni rahisi) | mabamba ya deraya | vidani, vishada, pindo |
| Muda, mkifanya jioni | wiki 2 | nguo siku 1. Askari wiki 3 | wiki 5 hadi 6 | wiki 2 |
| Joto la mchana | nafuu | nafuu, isipokuwa askari | kali | nafuu |
| Idadi inayopendeza | 2 hadi 4 | yoyote | 4 na zaidi, wanaofanana | 3 hadi 6 |
| Shida ya daladala au matatu | karibu hakuna | mkuki na ngao | ngao, deraya | upinde tu |

Ugiriki: rahisi kuliko zote, mpaka mguse chapeo

Vazi la Kigiriki ni mstatili. Halichongwi bega, halina mkono, halina zipu. Kwa peplo ya mwanamke, nyoosha mikono pembeni na upime kutoka kiwiko hadi kiwiko. Mara mbili ya kipimo hicho ndiyo mzunguko wa nguo. Mtu wa sentimita 165 huwa na kama 85 hadi 90. Urefu ni bega hadi sakafu, tuseme 135, ongeza 45 za kukunjia nje juu ya kifua na 15 za kuvutwa juu ya mkanda: jumla 195. Ukipata marekani ya upana wa sentimita 90, nunua mita nne, kata katikati, shona mbavu mbili, pinda kingo, kazi imekwisha. Mabegani bana kwa pini kubwa ya usalama iliyofichwa nyuma ya kifungo cha shaba, ukiacha nafasi ya sentimita 25 hadi 30 ya kichwa. Mwanamume avae hivyohivyo bila mkunjo wa kifuani na aishie magotini.

Fua marekani kabla ya kukata. Ile isiyofuliwa huweza kurudi sentimita tano hadi kumi kwa kila mita, na peplo iliyogusa sakafu siku ya kujaribu itakuwa imepanda juu ya vifundo vya miguu baada ya dobi. Satini ya harusi msiiguse: inateleza kwenye pini, inang'aa kwenye picha, na haikunji mikunjo ile mizito inayoonekana kwenye sanamu. Wala si lazima muwe weupe watupu. Marumaru tunayoiona leo imepoteza rangi zake. Wagiriki walipaka sanamu rangi na walivaa nyekundu, zambarau na njano. Bizari ya manjano hutoa njano kali na ya bei ndogo, ila jua huififisha upesi, kwa hiyo tieni rangi katika wiki ya tamasha na mkaushe kivulini.

Askari ni habari nyingine. Ngao yake, aspi, ilikuwa na kipenyo cha kama sentimita 80 hadi 100, imebinuka mithili ya bakuli. Njia ya mkato ni ungo wa satelaiti uliotupwa, wa sentimita 80 au 90. Angalieni mambo mawili. Kwanza, nyungo nyingi ndogo si duara kamili: urefu unazidi upana kwa sentimita kadhaa, na ukipaka nembo katikati jicho huliona hilo. Punguzeni kingo kwa mkasi wa bati, kisha funikeni ukingo kwa mpira wa bomba la maji uliopasuliwa. Pili, mshikio. Aspi ina bangili pana ya kupitishia mkono *katikati*, na kamba ya kushika karibu na ukingo. Kiwiko ndicho kinachokaa kwenye kitovu cha ngao. Wengi hufunga vishikio viwili huku na huku kwa umbali sawa, halafu wanashangaa ngao inazunguka na kuangukia goti. Ungo wa chuma una uzito wa kutosha kuchosha mkono kwa saa nzima. Wa aluminiamu, mkiupata, ni afadhali mara nyingi.

Chapeo la Kikorintho, lile linalofunika uso wote, ndilo hubakisha vikundi nyumbani. Mapindo yake yanataka patani nzuri na mkono uliozoea. Lakini kwa mwaka tuliochagua hamlihitaji: askari wengi wa vita vya Peloponesi, Wasparta wakiwemo, walivaa pilo, kofia ya shaba yenye umbo la pia. Chora kwenye EVA ya milimita 5, ile sponji ya kutengenezea viatu, kipande cha duara chenye nusu kipenyo cha sentimita 24 na ukingo uliopinda wa sentimita 65, kwa kichwa cha mzunguko wa 60 hadi 62. Unganisha kingo mbili zilizonyooka, pasha moto, kisha sukumia sufuria ndogo kwa ndani ili kofia ivimbe kidogo badala ya kubaki koni ya karatasi. Saa mbili, si wiki mbili.

Deraya ya kitani nayo ni ya huruma: kipande kimoja kinachozunguka kiwiliwili, kingine chenye umbo la U kinachotoka mgongoni na kufungwa kifuani, na chini safu mbili za ndimi za upana wa sentimita 6 na urefu wa 18, safu ya pili ikiziba nafasi za ya kwanza. EVA iliyovishwa marekani kwa gundi nyeupe inatosha. Na vifua wazi vya misuli ni vya sinema. Askari wa kweli aliyekuwa na fedha ya kununua deraya aliivaa.

Misri: inatambulika kwa mbali, inaaibika kwa karibu

Hakuna vazi linalotambuliwa haraka kuliko hili, na hakuna linaloonekana la bei chee haraka kuliko hili. Sababu ni kitambaa cha kumeta. Mtu ananunua nguo ya dhahabu inayong'aa, anashona sketi, anakata ukosi wa karatasi, na anakuwa pambo la Krismasi. Wamisri walivaa kitani cheupe kisicho na mapambo. Dhahabu na rangi zilikaa kwenye ukosi, bangili na mkanda. Mkilinda mgawanyo huo tu, nusu ya kazi imefanyika.

Marinda kwanza. Marinda ya kulaliana hula kitambaa mara tatu: kiuno cha sentimita 90 kinataka 270. Pamba haishiki marinda kwa pasi peke yake; ukikaa kwenye kiti cha gari yamekwenda. Chovya kitambaa kwenye uji mwepesi wa wanga wa muhogo, vijiko vinne vya chakula kwa lita moja ya maji, chemsha mpaka upauke kuwa wa kupitisha mwanga, acha upoe. Kunja rinda moja moja la sentimita moja kitambaa kikiwa kibichi, funga kwa kamba katika sehemu tatu, anika juani siku nzima. Usifungue mpaka kikauke ndani kabisa, maana unyevu wa katikati ndio unaofuta kazi yote. Mkiwa pwani, msimu wa mvua, kunjeni siku tatu kabla.

Ukosi mpana ndio uso wa vazi. Msingi ni kile kitambaa kigumu kinachowekwa ndani ya kola za mashati, kikatwe duara la kipenyo cha sentimita 38 lenye tundu la shingo la sentimita 14, na mwanya nyuma. Shanga za mrija halisi zilikuwa za fayansi, aina ya kauri inayong'aa. Zenu ni mirija ya soda iliyokatwa vipande vya sentimita 2.5. Hesabu yake: safu tano, vipande kama 650, maana yake mirija 80 hadi 90 ya sentimita 20. Mirija ya karatasi ni bora kuliko ya plastiki kwa kuwa rangi inashika bila kukwaruzwa kwanza. Buluu, kijani cha feruzi, nyekundu ya kahawia, njano ya dhahabu. Shoneni kwa uzi wa nailoni. Msibandike kwa bunduki ya gundi. Gundi hiyo hulainika kwenye jua la saa nane na shanga zitaanza kudondoka njiani.

Mkitumia shanga za kioo, ukosi utakuwa mzito na utateleza mbele mpaka ukukabe koo. Wamisri walikutana na tatizo hilohilo na wakalitatua kwa uzani unaoning'inia mgongoni. Mfuko mdogo wa kitambaa wenye changarawe, uliofichwa chini ya utepe wa mapambo, unafanya kazi ileile.

Nemesi, kile kitambaa cha mistari cha kichwani, ni cha mfalme. Watu watano wakivaa nemesi, mna wafalme watano. Mmoja avae, wengine wavae nywele. Na hapa tuna faida ambayo wapenzi wa kosplei wengi duniani hawana: wasusi. Nywele bandia za Wamisri zilikuwa nywele zilizosukwa misuko myembamba. Rasta nyembamba nyeusi zilizokatwa sawasawa mabegani na kuchovywa ncha kwenye maji ya moto zinashinda wigi lolote la plastiki la dukani. Wanja upakwe kwa mstari mmoja mnene unaotoka nje ya jicho kuelekea sikio. Ngozi yenu msiipake kitu.

Misri inafaa kikundi kidogo chenye subira ya mikono. Kwa watu wanane haifai: mtafanana, na kila mmoja atataka ukosi.

Roma: msianze kama hakuna anayependa kazi ya kujirudia

Mrumi mmoja huonekana katoka kwenye tangazo la biashara. Warumi wanne waliofanana ni jeshi. Hapo ndipo penye uzuri na penye mtego. Mmoja akichelewa, au rangi yake ya fedha ikitoka kopo tofauti, picha nzima inayumba. Nunueni rangi yote siku moja, duka moja.

Deraya ya mabamba, lorika segmentata, tunaielewa vizuri hasa kwa sababu ya sanduku lililofukuliwa Corbridge, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1964. Ndani yake kulikuwa na vipande vya deraya vya kutosha kuwaonyesha watafiti jinsi mabamba yalivyoshikana. Siri ni kwamba mabamba *hayakushikana yenyewe kwa yenyewe*. Yalipigwa ribiti kwenye mikanda ya ngozi iliyopita ndani, na ndiyo maana mtu aliweza kuinama.

Kwa EVA mambo yanakwenda hivi. Pima kifua juu ya fulana nene ya ndani, tuseme 100. Kata mabamba 14 ya sentimita 51 kwa 6, saba kila upande. Pasha kila bamba na ulikunje kwenye mwili kabla ya kuunganisha. Kata mikanda sita ya upana wa sentimita 2.5, urefu wa 36: mitatu kila upande, mmoja karibu na ukingo wa mbele, mmoja ubavuni, mmoja nyuma. Gundisha kila bamba kwenye mikanda kwa sehemu yake ya juu tu, bamba la juu likilifunika la chini kwa sentimita moja na nusu. Saba zitatoa urefu wa sentimita 33, kutoka chini ya kwapa hadi kiunoni. Pande mbili zikutane mbele na nyuma kwa kamba. Mabega hutengenezwa peke yake na kuning'inizwa mwisho. Shiti ya mita moja kwa moja inamtosha mtu mmoja, pamoja na makosa machache.

Kosa kuu ni gundi kupita kiasi. Bamba likigundishwa kwa bamba lenzake unapata bomba. Litapendeza ukisimama, na ukikaa litakupanda hadi kidevuni. Vichwa vya ribiti tumieni pini za shaba za ofisini, zile zenye miguu miwili ya kukunjua. Zinashika na zinapendeza.

Ngao ndefu iliyopinda: ile pekee iliyosalia nzima ilipatikana Dura-Europos, Syria, ni ya karne ya tatu BK, na urefu wake ni kama sentimita 105. Maboksi matatu mapana, mistari yake ya ndani ikienda juu-chini, yalazwe juu ya pipa la lita 200 moja baada ya jingine kwa gundi ya mbao, yafungwe kwa mipira ya tairi la baiskeli, yaachwe siku mbili. Mkigeuza mistari ya boksi upande, itavunjika mikunjo badala ya kupinda. Ikifunguliwa itanyooka kidogo, na hilo ni sawa.

Kishungi cha chapeo: katani ya Tanga, au ya ufagio wowote wa katani, ichovywe kwenye rangi nyekundu ya nguo na ishonwe kwenye mkanda. Kishungi kinachokaa kwa upana, sikio hadi sikio, kilikuwa cha akida. Kikundi cha watu sita chenye vishungi sita vya upana ni maakida sita wasio na askari hata mmoja. Miguuni, viatu vya ngozi vya mikanda. Katambuga za tairi zilizofungwa kamba za ngozi ni karibu zaidi kuliko ndala, ambazo huharibu kila kitu.

Toga? Ni vazi la raia na la hotuba, si la joto letu. Ile ya zama za makaizari ilikuwa nusu duara la sufu la takriban mita tano na nusu, na uzito wa sufu ndio ulioishikilia bila pini. Ya pamba huteleza. Mvaaji hushinda akiitengeneza kwa mkono wa kushoto. Na toga bila kanzu fupi ndani ni shuka la kitanda tu.

Kushi: chaguo letu kwa vikundi vingi

Kushi, kusini mwa Misri katika Sudan ya leo, ina kila kinachofaa kikundi: nguo bila deraya, vidani vingi, mamlaka yaliyogawanyika kwa wanawake na wanaume, na uhakika kwamba hakuna kikundi kingine kitakachovaa hivyo siku hiyo. Hekalu la Apedemak, mungu simba, huko Naqa linawaonyesha mfalme Natakamani na kandake (cheo cha malkia wa Kushi) Amanitore wakiwapiga maadui, mmoja kila upande wa lango, kwa ukubwa ule ule. Kandake amechorwa mwenye mwili mnene na mabega mapana. Kwa rafiki anayechoka kuambiwa maleba ni ya wembamba, hapa wembamba ndio unaokosea.

Vazi la kifalme la Meroe lina tabaka tatu. La ndani ni kanzu ndefu ya kubana kiasi hadi vifundoni: bega hadi kifundo 140, mara mbili, mita 2.8 za kitambaa cha upana wa 150. Juu yake shali yenye pindo, kipande cha mita 2 kwa sentimita 40, kinachopita juu ya bega la kulia na chini ya kwapa la kushoto. Tatu ni kamba nene yenye vishada inayoning'inia kutoka begani. Kishada kimoja: zungusha uzi wa pamba mara 60 kwenye kadi ya sentimita 12, funga juu, kata chini. Sita hadi nane kwa mtu. Pindo msinunue lile la mapazia la kumeta. Chomoeni nyuzi za kitambaa chenyewe, sentimita tano, na mfunge fundo kila baada ya sentimita moja ili lisiendelee kufumuka.

Shanga zao za shingoni zilikuwa kubwa na za mviringo. Tengenezeni tufe 24 za sentimita 3 kwa karatasi za magazeti zilizolowekwa na kusagwa na gundi, mkizitoboa kwa njiti ya mshikaki zikiwa mbichi. Zikipakwa rangi ya udongo mwekundu, buluu na dhahabu, hupendeza kuliko za dukani na uzito wake ni kidogo. Kuna vidani halisi vya kuiga: vya malkia Amanishakheto, vilivyochukuliwa Meroe mwaka 1834 na Mwitaliano Giuseppe Ferlini aliyebomoa piramidi akitafuta hazina. Leo viko Berlin na Munich, na picha zake ni nyingi na safi.

Kichwani ni kofia ya kubana fuvu, yenye utepe wa dhahabu wa sentimita 4, ncha mbili zinazoning'inia nyuma, na nyoka mbele. Nyoka *wawili* ndio alama ya wafalme wa Kushi waliotawala Misri kama nasaba ya 25, akiwemo Taharka. Wao pia walivaa kamba ya shingo yenye vichwa vya kondoo dume wa mungu Amuni. Hicho ni kipindi cha karne ya nane na ya saba KK. Msikichanganye na Meroe ya kandake, labda mkubaliane kuwa mnavaa vizazi viwili kwa makusudi. Kofia shoneni kwa fulana ya zamani inayovutika. Kofia ya kawaida ya pwani ina kuta zilizosimama, kwa hiyo haikai inavyotakiwa. Nyoka ni waya wa umeme uliokunjwa na kuvishwa karatasi na gundi, shina lake likishonwa ndani ya utepe. Mkiubandika tu, utalala mbele baada ya nusu saa.

Wengine wawe wapiga upinde. Herodoto, mwanahistoria wa Ugiriki, anawaeleza Waethiopia (ndivyo Wagiriki walivyowaita watu wa kusini mwa Misri) wa jeshi la Xerxes, mfalme wa Uajemi, wakiwa na ngozi za chui na simba, pinde za makuti ya mtende za urefu wa dhiraa nne, na miili iliyopakwa nusu chokaa na nusu rangi nyekundu. Ngozi iwe kitambaa cha madoa. Ngozi halisi ya chui ni nyara ya serikali, na kukutwa nayo bila kibali ni kesi, hata kama ni ya babu. Upinde ni bomba la nyaya la milimita 20 lililopashwa moto na kukunjwa. Uzi wake uwe mpira wa nguo, maana wakaguzi wa mlangoni hawapendi upinde unaoweza kurusha kitu. Kwenye dole gumba vaeni pete nene. Pete za mawe za wapiga upinde zimepatikana kwa wingi kwenye makaburi ya huko, na kipande cha bomba la plastiki kilichopakwa rangi ya kijivu kinatosha.

Vifaa vinavyosaliti

EVA iliyo bora kwa kazi hii iko kwa wauzaji wa malighafi za viatu, ikiuzwa kwa shiti. Mikeka ya watoto ya kuunganisha inafaa ngao lakini ni minene mno kwa mabamba. Mkeka wa yoga ni laini sana: haushiki umbo ukipashwa, na rangi hupasuka juu yake.

Gundi ya viatu hupakwa pande *zote mbili*, husubiriwa dakika 5 hadi 10 mpaka isinate kwenye kidole, ndipo vipande vikutanishwe mara moja bila kurekebisha. Kwenye unyevu wa pwani hewa huweka utando mweupe juu ya gundi, na kiungo kitaachia kesho yake. Fanyeni kazi hiyo mchana mkavu, nje, upande wenye upepo. Mvuke wake hauvutwi chumbani.

Kabla ya rangi, pasheni EVA mpaka ing'ae kidogo, kisha pakeni gundi nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, mara nne au tano. Nyeusi kwanza, kisha fedha au shaba. Ukiruka hatua ya gundi, sponji hunywa rangi na kopo linakwisha kwenye bega moja. Rangi ya kupuliza isiguse ile sponji nyeupe ya kufungia televisheni, kwa kuwa huiyeyusha mbele ya macho yenu. Na deraya isiachwe kwenye gari lililofungwa juani: mabamba yaliyokunjwa kwa moto hufunguka kwa moto.

Mkuki wa mita mbili na nusu hauingii daladala. Bomba la milimita 25 likatwe vipande viwili, na kipande cha sentimita 30 cha bomba la milimita 20 kiwe kiungo cha ndani, kikizungushiwa selotepu mpaka kisicheze.

Kikundi gani kichukue kipi

Mna wiki moja na hakuna fundi: Ugiriki ya nguo, rangi tofauti kwa kila mtu. Mko wawili au watatu na mnapenda kazi ya mikono ya taratibu: Misri. Mna rafiki mmoja asiyechoka kurudia kitu kilekile, wiki sita, na mahali pa kutandaza mabamba: Roma, mradi huyo mmoja akate patani za wote. Vinginevyo, Kushi.

Kama kikundi kimegawanyika, kuna mwaka unaowaweka wote kwenye picha moja. Kati ya miaka ya 25 na 22 KK kandake wa Meroe alipigana na Roma iliyokuwa imetwaa Misri. Gavana Gaius Petronius aliteka Napata, na amani ilipatikana baadaye kwa kaizari Augusto kwenye kisiwa cha Samos. Strabo, mwanajiografia wa zama hizo, anasema kandake huyo alikuwa na jicho moja, na kwamba askari wake walibeba ngao ndefu za ngozi mbichi ya ng'ombe, mashoka, mikuki na panga. Boksi lililovishwa gunia na kupakwa madoa ya ng'ombe ni ngao hiyo.

Warumi wa vita hivyo wasivae mabamba. Vipande vya kale zaidi vya segmentata vinatoka Dangstetten, Ujerumani, kambi iliyoachwa karibu mwaka 9 KK, na hata huko lilikuwa jambo jipya. Wavae deraya ya pete, na hii ni nafuu kwenu: mtu anayejua kufuma sweta afume fulana isiyo na mikono kwa uzi mnene wa kijivu na sindano za milimita 8 au 10, fundo za wazi. Ipakwe nyeusi yote, kisha fedha kwa brashi karibu kavu ipite juu juu tu. Kwa hatua tano haitofautiki na chuma.

Kandake naye abebe kichwa cha Augusto. Mwaka 1910 kichwa cha shaba cha kaizari huyo, kikubwa kuliko cha mtu halisi, kilifukuliwa Meroe chini ya ngazi za hekalu, kilipofukiwa ili kila anayeingia akikanyage. Sasa kiko British Museum. Puto, matabaka sita ya magazeti na uji wa unga, masikio na pua za karatasi iliyosagwa, rangi ya shaba yenye kutu ya kijani kwenye mikunjo ya nywele. Macho myaache meupe na makali, yaliyo wazi, kama yalivyo kwenye kile halisi, na shingo muichane kingo badala ya kuikata kwa mkasi.